Nafuna Anamtafuta Bwana Shamba

Gatwekera, ndani ya Kibera, huamka polepole. Moshi wa makaa hutangulia, kisha redio, kisha watu. Ukungu ukiwa mwingi huoni hata bati la jirani. Unasikia tu mtu akipiga mswaki upande wa pili, kama vile anaishi ndani ya wingu.

Saa hiyo Nafuna huwa tayari nyuma ya kanisa, na mtungi wa maji mkononi. Hapo pana kipande cha ardhi chembamba kama korido. Amepanga magunia yake kando ya ukuta. Kila gunia limejaa udongo, na katikati limewekwa mawe ya kupitisha maji. Ubavuni limetobolewa matundu, na kila tundu lina mche wa sukuma wiki.

Nafuna alizaliwa Bungoma. Mumewe, Wekulo, ni fundi wa kujenga. Majirani humwita Nafuna Mama Ryan, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akimwagilia maji, harufu ya udongo mbichi hupanda na kumchukua. Kwa muda kidogo hayuko Nairobi. Yuko kwao, ukungu umelala juu ya maharagwe, na mama yake anaimba mahali asipoonekana. Kisha mtu anamwaga maji machafu kwenye mtaro, na Nafuna anarudi.

Kile kipande si chake. Alipewa na Mzee Opondo, mzee wa kanisa. Sasa kanisa lilikuwa limepata tenki kubwa la maji na halikuwa na mahali pa kuliweka. Opondo si mtu wa kuzungusha maneno.

"Mama Ryan," alimwambia, "ukiwa na shamba hapa, sitakugusa. Lakini kama ni magunia makavu, tutayatoa tuweke tenki."

Nafuna aliyaelewa vizuri maneno hayo. Gatwekera, ukipoteza nafasi ya kuweka hata ndoo, huipati tena. Na mboga zile ndizo zilizolisha nyumba yake Wekulo akikosa kazi.

Shida ilikuwa kwamba mboga zilikuwa zinalala.

Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Asubuhi sukuma zilisimama vizuri. Jua la mchana likiwaka, majani yalilegea yote kwa pamoja, yakaning'inia kwenye gunia kama nguo zilizolowa. Jioni yaliinuka tena. Lakini kila siku yaliinuka kidogo kuliko jana, na yakaanza kuwa manjano.

Nafuna alidhani ni kiu. Akaongeza maji. Hayakusaidia. Jirani mmoja alisema zimerogwa. Wekulo naye alileta chupa ya dawa kutoka kwa mwenzake wa mjengo. Chupa haikuwa na karatasi wala jina. Ilinuka mpaka macho yakatoa machozi. Wekulo alisema dawa ikiwa kali hivyo lazima inafanya kazi. Nafuna aliifunga na kuiweka juu ya kabati. Hakutaka kuitumia, kwa kuwa majani yale yaliliwa na watoto wake, na watoto wa watu.

Mchana mmoja alikaa chini ya ukuta wa kanisa, usingizi ukamwiba. Aliota mboga zimeshuka kutoka kwenye magunia. Zilikuwa zinatembea kwa mstari, bila kelele, zikitafuta mahali pa kulala. Akaziuliza zinaumwa wapi. Ya mwisho iligeuka, ikamwambia: "Chini." Kisha zikapita ukutani kama ukungu.

Alipoamka, alikuwa na neno moja kichwani: Bwana Shamba.

Alipokuwa mtoto kule Bungoma, alikuwepo mtu aliyekuja na pikipiki. Aliangalia mahindi, akachimba kidogo, akasema la kufanya. Hakuna aliyejua jina lake. Alikuwa Bwana Shamba tu. Nafuna akaamua kumtafuta wa Nairobi.

Alianza kwa Apiyo, mwenye kioski. Alimuuliza Bwana Shamba wa huku anapatikana wapi. Apiyo alipunguza sauti ya redio.

"Bwana wa shamba gani? Wenye shamba hapa ni wengi, na hakuna anayetaka kujulikana."

Kule Bungoma unaweza kumuuliza mtu yeyote habari za Bwana Shamba. Kibera, ukitaja shamba, watu wanasikia ardhi. Na ukitaja ardhi, watu wanashika mioyo. Apiyo alimwelekeza kwa mzee mmoja anayekusanya kodi za nyumba. Mzee alimkaribisha Nafuna vizuri sana. Akamwambia yeye ndiye mwenye shamba hilo, kutoka mtaroni mpaka kwenye choo, kisha akamuuliza anataka vyumba vingapi. Nafuna alipotaja sukuma, mzee alikasirika, akamwambia asimpotezee wakati.

Kufika jioni, mtaa mzima ulijua kwamba Mama Ryan ananunua ploti. Vijana waliokaa kwenye mawe walimsalimia kwa heshima mpya.

"Sasa mathe. Tunasikia umeomoka, pesa imeingia."

"Nimeomoka na sukuma za manjano," alijibu, akapita.

Wekulo alicheka sana aliposikia. Lakini aliona pia kwamba mkewe hakuwa anacheka. Wiki hiyo alikuwa na kazi Upper Hill, karibu na jumba la Wizara ya Kilimo. Mchana alienda langoni akaeleza shida. Askari wa langoni alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia hapo ni wizara, wanapanga mambo ya nchi nzima. Mtu wa kumshauri mkulima shambani yuko chini ya kaunti. Atafute ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo yake.

Hayo yalikuwa maelekezo mazuri. Wekulo aliyabeba mpaka jioni juu ya ngazi, pamoja na saruji, na alipofika nyumbani neno moja tu ndilo lililobaki. Alisema, "Ni kaunti." Basi.

Kaunti ni kubwa. Nafuna alimpigia simu kaka yake, Wanzala, anayepanga Gatina, Kawangware. Wanzala alisema yeye hupita kila siku mbele ya lango lenye kibao, na kwenye kibao kuna neno Kilimo.

Kesho yake Nafuna alichagua mche mmoja ulio mgonjwa. Akaung'oa mzima, mizizi na udongo wake, akaufunga kwa gazeti. Aliona kwamba mtu haendi hospitali akamwacha mgonjwa nyumbani. Aliuweka pamoja na ile chupa ndani ya kikapu, akaondoka kwa miguu.

Alipita mtaa wa Ayany kukiwa bado na ukungu. Maua ya mijakaranda yalikuwa yameanguka, na barabara ilikuwa ya zambarau. Watu walienda kazini bila kuongea, na viatu vyao havikutoa sauti juu ya maua. Alivuka Barabara ya Ngong akiwa kama bado anaota. Alikumbatia kikapu kama mtu aliyebeba mtoto anayelala. Alifika Kawangware jua likianza kupasua mawingu.

Ndani ya lango alimkuta mwanamke mnene aliyevaa gambuti, akinyunyizia miche maji. Nafuna alimsalimia na kumuuliza kama Bwana Shamba ameingia.

"Ameingia," yule mwanamke alisema, akaendelea kunyunyiza.

"Yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Nafuna alimtazama kutoka gambuti mpaka kitambaa cha kichwa. "Mimi natafuta Bwana Shamba."

"Bwana yangu ni dereva, yuko Nakuru. Shamba ndiyo yangu." Mwanamke aliweka chini kopo la maji. "Naitwa Adhis. Ofisa wa kilimo. Kwani sukuma inaangalia kama daktari ana ndevu?"

Nafuna aliona haya, kisha akacheka. Akafungua gazeti. Alieleza kwamba mboga zake zinalala mchana na kuamka jioni.

Adhis hakucheka neno hilo. Hakuangalia majani hata kidogo. Aliugeuza mche juu chini, akatikisa udongo, akaosha mizizi kwa maji ya kopo.

"Njoo uone. Shida iko chini."

Neno lile Nafuna alikuwa amelisikia ndotoni. Mizizi haikuwa nyembamba kama inavyotakiwa. Ilikuwa na vinundu vingi, kama shanga zilizovimba.

Adhis alimweleza polepole. Udongoni kuna minyoo midogo sana, macho hayaioni. Inaingia ndani ya mizizi, na mizizi inavimba. Mizizi iliyovimba haiwezi kuvuta maji ya kutosha. Ndiyo maana jua likiwaka mboga zinalegea, hata kama gunia limelowa. Kuongeza maji hakusaidii. Kisha akauliza udongo ulitoka wapi. Nafuna alikumbuka. Mtu mmoja alikuwa anatupa udongo wa bustani yake ya zamani ya nyanya, na yeye aliuchukua bure, akafurahi.

"Nyanya huwa na hawa minyoo sana," Adhis alisema. "Ulibeba udongo na wageni wake."

Nafuna akatoa ile chupa. Adhis aliifungua, akaifunga haraka.

"Umenyunyiza?"

"Bado."

"Umefanya vizuri. Hatujui ni nini, ni ya mmea gani, wala baada ya kunyunyiza watu wakae siku ngapi bila kula. Dawa isiyo na maandishi si dawa. Niachie hapa, usiimwage kwenye mtaro."

Kisha akamwambia la kufanya. Ang'oe mimea yote iliyo na vinundu, aikaushe na kuichoma, asiitupe kwenye mboji. Amwage udongo wote. Autandaze mwembamba kwenye jua, aulowanishe kidogo, aufunike kwa plastiki inayopitisha mwanga na kukandamiza kingo zake. Uachwe hivyo mwezi mzima na zaidi, uive kwa joto. Baadaye achanganye na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, aanze na vitunguu vya majani, kwa sababu minyoo hao hawapendi sana vitunguu. Sukuma zije baadaye, kutoka kwa miche safi.

Nafuna alikuwa anaona magunia matupu, na Mzee Opondo akija na tenki.

"Nikiyamwaga, nafasi imeenda," alisema, akaeleza habari za kanisa.

"Basi hapo unahitaji mtu wa kwenu," Adhis alijibu. "Mimi niko upande wa Kawangware. Naweza kuangalia mche wako, lakini kuja mpaka shambani kwako ni kazi ya ofisi ya kaunti ndogo yenu. Usiulize Bwana Shamba. Uliza ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo. Usipojua iko wapi, ingia ofisi ya wodi au ya chifu, watakuonyesha. Na ushauri haulipiwi. Mtu akikuambia toa kitu, uliza ni ya nini."

Akampigia simu mwenzake anayesimamia upande wa Kibera, akamwelekeza Nafuna njia. Nafuna alikuwa ameipita ofisi hiyo mara nyingi akienda sokoni. Hakuwahi kuinua kichwa kusoma kibao.

Ofisa wa upande wa Kibera aliitwa Boaz. Aliahidi kuja, na Nafuna alianza kazi bila kumngoja. Wekulo alimsaidia kuinua magunia. Udongo ulipotandazwa chini ya plastiki, matone madogo yalijitengeneza kwa ndani, na kile kipande chote kikang'aa kama maji yaliyosimama. Kilipendeza. Lakini hakikuwa shamba.

Mzee Opondo alikuja na vijana wawili na kamba ya kupimia. Aliangalia plastiki. Aliangalia magunia yaliyokunjwa.

"Mama Ryan, shamba liko wapi?"

"Ni hili, mzee."

"Mimi naona karatasi ya plastiki."

Nafuna hakusali wala kulia. Aliingia nyumbani, akatoka na mizizi mikavu aliyokuwa bado hajaichoma. Aliiweka mkononi mwa mzee, akamwonyesha vile vinundu. Alimweleza yote, kwa mpangilio ule ule aliomsikia Adhis.

"Nani amesema hayo?" mzee aliuliza.

"Ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo. Ofisa anakuja Alhamisi. Mngoje, umuulize mwenyewe. Akisema nimedanganya, leta tenki."

Opondo alizungusha mizizi vidoleni. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya. Alikunja kamba, akaondoka na vijana wake.

Alhamisi Boaz alikuja kweli, suruali ikiwa na tope mpaka magotini. Opondo alimhoji kama polisi. Aliuliza kama joto la jua peke yake linaweza kuua mnyoo. Boaz alimwambia aweke mkono chini ya plastiki. Mzee aliuweka, akautoa haraka. Hakuuliza swali lingine. Siku zilizofuata alionekana akipita hapo mchana, anainama, anaingiza mkono, anaenda zake.

Vitunguu vilitoka. Vilikuwa vyembamba na vya kijani kikali, na harufu yake iliingia mpaka ndani ya kanisa wakati wa ibada. Baada ya vitunguu, Nafuna alipanda sukuma kutoka kwa miche safi aliyoshauriwa na Boaz. Mvua za usiku zilikuja na kuondoka. Majani yalipanuka, yakawa mazito, na umande ulikaa juu yake mpaka saa nne, watu walipotoka kazini kwa chai.

Siku ya mavuno ya kwanza Mzee Opondo alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Alisema kamati imekaa. Tenki litawekwa upande wa lango, juu ya nguzo. Wekulo atajenga hizo nguzo.

Nafuna aliendelea kuchuma. Alifunga fungu moja kubwa kwa kamba ya mgomba, akampa mzee.

"Sijanunua," Opondo alisema.

"Ni ya mama wa nyumbani kwako. Mwambie ayakate membamba, na asiyapike sana."

Mzee aliyapokea kwa mikono miwili. Alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, ile ofisi ya kilimo hufunguliwa saa ngapi; naye alitaka kupanda.