Mazoezi ya Mashahidi

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi nyuma ya mlango, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kitasa. Kiatu kimoja kilikuwa kimechomoka. Kucha mbili za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika, na kwenye ubao wa mlango, chini kidogo ya kitasa, palikuwa na mikwaruzo mipya.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlia, akaitazama ile mikwaruzo bila kuigusa.

"Ni nani huyu?"

"Wakili, afande," koplo wake alijibu. "Bingwa wa sheria za udhibiti. Leseni, ushindani wa biashara, kesi za makampuni na serikali. Humu ofisini wanamwita Mama Kanuni. Mfagiaji ndiye aliyemkuta asubuhi hii."

"Mlango ulikuwaje?"

"Umefungwa kwa ufunguo. Kwa nje."

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, maktaba ya kampuni ya mawakili. Vitabu vya hukumu vimepangwa mpaka darini na vumbi lake halina mwenyewe. Palikuwa na meza moja na viti viwili. Viti vyote viwili vilikuwa vimevutwa nyuma, kama wanavyoviacha watu wawili waliosimama kwa hasira. Funguo za marehemu, simu na mkoba vilikutwa ofisini kwake, upande wa pili wa ukumbi.

"Piga picha kila kitu," Inspekta alisema. "Chapa za vidole kwenye kitasa, mezani, na kwenye migongo ya viti. Halafu niletee wafanyakazi mmoja mmoja."

Akaanza na katibu muhtasi.

"Ulimwona marehemu lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni, kwa kadiri ninavyokumbuka."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Siwezi kusema jambo nisilolishuhudia mwenyewe."

Akaja wakili wa kodi. Naye, kwa kadiri alivyokumbuka, ilikuwa jana jioni. Naye hakuweza kusema jambo asilolishuhudia mwenyewe. Akaja mhudumu wa chai, mzee mcheshi ambaye usoni tu alionekana ana habari za mtaa mzima. Aliketi wima, akakohoa, akasema hawezi kusema jambo asilolishuhudia mwenyewe.

Inspekta alimtazama kwa huruma. Alikuwa ameketi mahakamani miaka mingi, na wimbo huo aliujua. Hivyo ndivyo anavyojibu shahidi aliyefanyishwa mazoezi: jibu fupi, usiongeze neno, usikisie. Mawakili huwapika mashahidi wao namna hiyo kabla ya kesi. Lakini hapa hapakuwa na kesi bado. Palikuwa na maiti tu, na mtu fulani alikuwa ameshawapika.

Wa nne alikuwa mwanamke wa makamo, wakili wa mikataba ya biashara, aliyeshiriki chumba kimoja na marehemu kwa miaka sita. Wenzake walimbandika jina la Bi Koma, kwa kuwa angeweza kukesha akibishana na kampuni nzima juu ya koma moja katika mkataba. Naye alijibu kama wengine. Tofauti ni kwamba yeye alijibu huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Wa mwisho hakuitwa, alijileta. Huyu alikuwa mkuu wa kampuni, wakili mwenye sauti iliyompa jina la Radi katika mahakama zote. Inspekta aliwahi kusimama kizimbani mbele ya sauti hiyo kama shahidi wa upelelezi, akatoka shati limemganda mgongoni.

"Tunaonana tena, Inspekta. Safari hii wewe ndiye unayeuliza."

"Ndivyo ilivyo. Ulifanya kazi na marehemu muda gani?"

"Miaka kumi na tano. Alikuwa kama dada yangu. Jumatatu tuna shauri kubwa dhidi ya mamlaka ya udhibiti, na sijui nitasimamaje bila yeye."

"Alikuwa na furaha hapa?"

"Nani asiye na furaha hapa?" Radi aliuliza, na ukumbi wote ulikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Kesho yake asubuhi daktari wa uchunguzi wa maiti alivua glavu, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Pumu. Shambulio kali. Hakuna jeraha, hakuna sumu, hakukabwa."

"Alifungiwa, daktari."

"Hilo ni lako. Langu ni mapafu."

Mkuu wa kituo alifurahi kusikia hivyo, maana kampuni ile ilikuwa na marafiki wazito na simu yake ilikuwa haipumziki.

"Ajali," alisema. "Mlinzi alifunga mlango bila kuangalia ndani."

"Mlinzi anasema aliukuta umeshafungwa."

"Anajitetea. Familia inataka kuzika kesho. Kama hadi jioni hii huna la maana, funga jalada. Na Inspekta, usinichezee na yule Radi. Atatuvua nguo mahakamani."

Inspekta alitoka akiwa amekunja uso. Jalada likifungwa, mwanamke yule angezikwa kama mgonjwa aliyezidiwa, na aliyezungusha ufunguo angesimama kaburini na kulia kuliko wote.

Kwenye benchi la nje ya chumba cha maiti alimkuta mama wa marehemu. Hakulia. Alikuwa amefumbata mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Mama, pole sana. Mwanao alikuwa na pumu?"

"Tangu mdogo. Ila kazini alificha. Alisema wakili anayehema hapewi kesi." Mama aligeuka, akamtazama. "Lakini hatoki bila inhela yake, baba. Ile pampu ya kuvuta dawa. Hata bafuni anaingia nayo. Mmenirudishia vitu vyake, nimevikagua vyote. Haimo."

"Alikuwa na shida na mtu?"

"Alikuwa anaondoka. Amechaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la rufaa. Kila alipopata kazi pengine, yule bosi wake alimwekea mguu. Anawaambia watu huyu amebeba siri za wateja wangu, mkimchukua nawashtaki. Safari hii hakuweza kumzuia. Mwanangu alikuja nyumbani anacheka peke yake jikoni."

Inspekta alimkuta Bi Koma katika kantini ya mahakama, kwenye meza ya kona, chai imepoa mbele yake. Mvua ilikuwa inapiga madirisha.

"Wakili, jana asubuhi, kabla hatujafika, mliketishwa pamoja?"

"Siwezi kujibu."

"Mlifundishwa majibu?"

"Siwezi kujibu."

"Umekatazwa?"

"Siwezi kusema kama nimekatazwa au sikukatazwa."

"Nje kunanyesha?"

Alitazama dirishani. "Kunanyesha."

"Nashukuru. Nilidhani ulimi umekufa ganzi."

Alikaribia kucheka, kisha uso ukamvunjika.

"Afande, mimi nimefungwa. Huoni kamba, lakini nimefungwa. Siri ya wakili na mteja haichezewi. Nikiivunja nanyang'anywa leseni, na sina kazi nyingine ninayoijua duniani. Nina watoto watatu wa marehemu dada yangu. Nikianguka mimi, wanaanguka wote."

"Rafiki yako anazikwa kesho."

"Najua. Mimi ndiye nitakayesoma wasifu wake." Alizungusha kikombe cha chai. "Nimeandikiwa cha kusoma."

Inspekta alihisi hasira ikimpanda, lakini hakuwa na hasira naye. Alivuta kiti karibu. Hakuwa na hila iliyobaki, basi akaamua kumwambia ukweli.

"Sikiliza, dada. Hakuanguka wala moyo wake haukusimama, kama mnavyodhani. Alikufa kwa pumu, amefungiwa, anakwaruza mlango."

Bi Koma aliinua kichwa polepole.

"Pumu? Nani amekwambia?"

"Daktari. Leo asubuhi."

"Leo." Aliirudia ile leo kama anaipima. "Jana asubuhi polisi hamkujua?"

"Hakuna aliyejua. Mama yake tu."

Midomo ya wakili ilikuwa inacheza bila sauti, na Inspekta akatambua kwamba sasa hakuwa akilia. Alikuwa akifanya kazi. Alikuwa akiupitia mkataba.

"Afande," alisema hatimaye, "nikuulize swali la kisheria. Siri ya wakili na mteja ni mali ya nani?"

"Ya wakili, sivyo?"

"Ndivyo wengi wanavyodhani. Ni ya mteja. Anayefungwa mdomo ni wakili. Mteja mwenyewe akitaka anakwenda kuitangaza sokoni, na hakuna wa kumgusa." Aliisukuma chai pembeni. "Jana Radi alituketisha. Akasema, kuanzia sasa mimi ni wakili wenu nyote na ninyi ni wateja wangu, kwa hiyo tutakayoyasema humu ni siri, hayatoki nje. Tukaufyata, watu wazima na digrii zetu. Alitaka kutufunga midomo kwa haraka, na kamba iliyokuwa karibu ni hiyo. Hakufikiri imefungwa upande gani."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa mteja."

"Mimi nilikuwa mteja. Siri ni yangu, na naiachilia. Toa kalamu."

Inspekta alitoa kalamu haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu.

"Alijifanya yeye ndiye polisi," Bi Koma alisema. "Hata sauti aliigeuza. Akatuuliza mmoja mmoja maswali ambayo polisi mtauliza, akatusahihisha majibu. Zamu yangu ilipofika akaniuliza, 'Inhela yake uliiona wapi mara ya mwisho?' Nikajibu kama nilivyofundishwa, kwamba sikumbuki kuiona. Lakini moyoni nikajiuliza, inhela gani? Nimekaa naye chumba kimoja miaka sita, sikujua kabisa kwamba ana pumu."

"Alisema neno hilo? Inhela?"

"Alilisema. Alikuwa anatuandaa kwa swali ambalo alijua litakuja. Wewe mwenyewe ulikuwa bado hujui utaliuliza."

Alitia saini maelezo yake, akaangalia mahali pa tarehe, akasahihisha koma moja.

"Leo hii hii sina kazi," alisema.

Inspekta aliyakunja maelezo, akayatia mfukoni.

Kwa maelezo hayo alipata hati ya upekuzi. Mkuu wa kituo aliitia saini shingo upande. Ofisi ya Radi ilikuwa mlango unaofuata baada ya maktaba, na ukuta kati yake na maktaba ulikuwa mbao tupu. Koplo alipekua meza, makabati, chini ya zulia. Kisha akafikia joho jeusi la mahakamani lililotundikwa nyuma ya mlango, akatia mkono wenye glavu mfukoni, akatoa pampu ndogo ya buluu.

Mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi alikuta juu yake chapa za vidole za watu wawili. Za marehemu, na juu ya hizo, za mkono mmoja mkubwa zaidi.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyofungwa sakafuni. Radi alionywa kwamba ana haki ya kunyamaza. Alitabasamu, maana onyo hilo alilijua kwa moyo.

"Mazungumzo yangu na wafanyakazi wangu ni siri ya kisheria. Hamwezi kuyatumia."

"Siri ya nani?" Inspekta aliuliza.

Inspekta alimwona Radi akilifikia lile alilolifikia Bi Koma kantini.

"Mteja amesema," Inspekta alisema, akaiweka pampu mezani ikiwa ndani ya mfuko wa ushahidi. "Kwa nini hukuitupa?"

"Nilishindwa." Sauti iliyotoka haikuwa ya Radi, ilikuwa ya mzee mmoja aliyechoka. "Kila nilipotaka kuitupa niliona naye anatupwa."

"Nini kilitokea?"

"Nilimwomba abaki mpaka Jumatatu. Shauri moja tu. Akasema Jumatatu zimekuwa nyingi mno, barua ameshaandika, anakwenda."

"Si ungesimama wewe? Wewe ndiye Radi."

Mzee alitikisa kichwa.

"Unakumbuka nilivyokuhoji siku ile kizimbani? Nilikuuliza swali, nikanyamaza, nikavua miwani, ndipo nikauliza la pili. Ukatokwa jasho."

"Nakumbuka."

"Aliandika yeye. Maswali, na mpangilio wake. Na pembeni aliandika, hapa nyamaza, vua miwani. Miaka kumi na tano sijaandika hoja hata moja, Inspekta. Mimi ni sauti tu. Jumatatu ningesimama mbele ya majaji watatu nikiwa mtupu, na mjini kote wangejua. Sikuwa na njia. Yeye alikuwa na mlango wa kutokea, mimi sikuwa nao."

"Ukaufunga wake."

"Vumbi la mle lilimwanzisha. Akatoa pampu, nikampokonya. Nikamwambia, kubali kubaki, hii hapa. Akakataa. Nikatoka, nikafunga, nikakaa ofisini kwangu nikisubiri abadili mawazo. Alikuwa anagonga."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Halafu?"

"Akaacha kugonga." Radi alijifuta uso kwa viganja viwili. "Nikadhani amekubali."

Koplo aligeukia ukuta. Inspekta akamtuma koplo kwa mama wa marehemu, akamweleze kabla ya mazishi, amweleze yote, asimpunguzie. Halafu akamsogezea mtuhumiwa karatasi na kalamu.

"Una haki ya kuandika maelezo yako mwenyewe."

Radi alishika kalamu. Aliandika "Waheshimiwa", akakata. Aliandika "Mimi", akatulia, akatazama pembezoni mwa karatasi, upande wa kushoto, palipokuwa peupe. Mvua iliisha nje. Karatasi ilikuwa bado na neno moja.

"Inspekta," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "watu huwa wanaanzaje?"