Kiti Nilichokishona

Jioni ile tulikuwa tunafuata sponji. Haikuwa safari ya kuaga mtu. Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari, sponji lilikuwa limeniishia, na ghala lenye bei za kibinadamu liko nje ya mji. Nilimwacha binti yangu kwa jirani, nikapanda pikapu ya kaka yangu, nikaweka pochi magotini.

"Utaweza kuendesha kweli?" nilimuuliza.

"Ningekuwa siwezi ningekuambia."

"Ungeniambia lini, tukiwa tumeshalala mtaroni?"

Hakucheka. Siku zote alikuwa akicheka utani wangu, hata ule mbovu.

Alikuwa mgonjwa. Miezi kadhaa alikuwa anakonda tu, bila homa wala kikohozi. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakamrudisha nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Mkewe alikuwa ameshajiondokea zamani, kwa hiyo aliyempikia uji ni mimi na aliyemfulia mashuka ni mimi. Mashuka yale yalinuka petroli hata baada ya kuanikwa, nami nikailaumu gereji yake. Jambo moja tu lilinishangaza. Jua likianza kushuka, alifunga dirisha la upande wa barabara akakaa ameutazama ukuta. Lakini jioni ile yeye mwenyewe ndiye aliyesema twende.

"Leo najisikia nafuu, mdogo wangu," alisema. "Twende, tucheze na ule mchezo wetu njiani."

Huo mchezo nitaueleza, maana ndio ulioniponza.

Nyumba tuliyokulia ilitazamana na barabara kuu, na sisi wawili tulikuwa tukishinda barazani kuangalia magari. Gari jipya hatukulijali hata kidogo. Tulitaka yale makuukuu: Foliksi mgongo wa kobe, Pijo zenye pua ndefu, Landrova ambazo milango yake imefungwa kwa waya. Anayeliona wa kwanza anapaza sauti, "Langu!" Ila halijawa lake hapo. Mpaka mwenzake alitazame, akubali kwamba gari ni la zamani kweli, ndipo ajibu, "Lako." Asipojibu, hakuna kitu.

Na kaka yangu hakuwa mtu wa kujibu. "Taa zile si zake, wamebandika." "Lile limepigwa rangi juzi, nalijua mimi." Tumekuwa watu wazima, mvi zimenianza, na bado napiga kelele barabarani kama mtu aliyerukwa na akili, naye ananibania jibu mpaka nimbembeleze.

Wakati wa kwenda tulicheza vizuri. Nililiwahi lori moja la zamani lenye pua kama ya nguruwe, akabisha kwamba bampa si lake, nikamwambia hata yeye meno ya mbele si yake na bado tunamhesabu. Hapo alicheka kidogo. Nilifurahi jamani. Nilijisemea, kaka yangu anarudi.

Tulipakia sponji, tukageuza. Jua lilikuwa limeshagusa mashamba. Barabara pale imenyooka, huku na huku mabua yaliyovunwa, hakuna nyumba wala mtu. Kaka akapunguza mwendo... akapunguza tena...

"Angalia upande wako," alinong'ona.

Niliangalia.

Lilikuwa limesimama kando ya barabara, limetuelekea, taa zinawaka. Taa za duara, za manjano. Rangi yake ya chai ya maziwa. Boneti ndefu, madigadi yamevimba, nikeli inang'aa kama imetoka kusuguliwa. Nimefungua viti vya magari ya kila aina, lakini lile sikulitambua. Halikuwa na nembo. Halikuwa na namba.

Na kaka yangu alikuwa ameliona kabla yangu. Nilijua kwa jinsi alivyokaza mikono kwenye usukani na kugeuza shingo upande wa pili. Mtu ambaye hajawahi kunipisha gari hata siku moja alikuwa ameliona, akanyamaza.

Mimi nikafikiri ananipendelea kwa sababu ya uji.

"Langu!" nikapiga kelele.

"Lako."

Alijibu kabla sijafunga mdomo. Hakubisha taa. Hakubisha rangi. Hata hakulitazama.

"Lako," alirudia, na pumzi ndefu ikamtoka.

Pikapu ikazima.

Barabara pale ina mteremko mdogo, basi tukawa tunaserereka bila injini, polepole, kulipita gari lile kwa upande wangu. Ndipo nikaisikia injini yake. Tuk... tuk... tuk... Ilikuwa taratibu mno, gari halisi lingekuwa limeshazima. Harufu ikaingia dirishani, petroli mbichi na kitambaa kilichovunda. Harufu ya mashuka ya kaka yangu.

Kwenye kiti cha dereva sikuona mtu. Niliona mikono miwili tu juu ya usukani, imetulia, kama ya dereva anayemsubiri abiria aliyechelewa.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Wenyewe. Bila haraka.

Ndani mlikuwa na kiti kirefu cha zambarau. Kiti kile nilikuwa nakijua. Kwenye kona ya kushoto, chini kabisa, mshono ulimalizikia kwa msalaba mdogo wa uzi mweusi. Ni mimi ninayemalizia hivyo. Hakuna fundi mwingine anayemalizia hivyo.

Siku za karibuni kaka ndiye aliyeniletea fremu yake karakana, pamoja na kitambaa. Alisema ni ya mteja wake mwenye gari la zamani, anataka kazi safi. Nilipomaliza aliniambia, "Hebu kikalie, nione kama sponji linabonyea sawasawa." Nikakaa, nikakunja nne, nikapunga mkono kama mke wa waziri. Yeye hakucheka. Alinitazama tu nilivyokaa.

Sasa kiti kilikuwa mbele yangu, na sponji lilikuwa limebonyea katikati. Umbo la mtu aliyekunja nne.

"Kaka," nilisema. "Kile kiti..."

"Usitazame."

"Nimekishona mimi."

"Nimekwambia usitazame!"

"Sasa hivi si ndiwe uliyeniambia nitazame?"

Aliachia klachi, injini ikashtuka ikawaka, tukaondoka. Kwenye kioo cha pembeni niliona mwanga wa taa zile za manjano barabarani ukizimika, wa moja, halafu wa nyingine.

Na kaka yangu akaanza kupiga mluzi.

Alipiga mluzi mpaka tunaingia mjini. Kwangu alikula sahani mbili, akakomba na sufuria, akambeba binti yangu mabegani. Mashavu yake yalikuwa yameshaanza kurudi. Mimi nilipojilaza na kuvuta shuka usoni, lilinuka petroli.

Asubuhi nilimfuata gereji. Nilimkuta anainua giaboksi peke yake, mtu ambaye juzi nilikuwa namshikia kikombe. Nilisimama mbele yake bila salamu.

"Sema," nilimwambia.

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama vile ilikuwa na umuhimu wowote.

"Unamkumbuka rafiki yangu fundi rangi? Alivyokuwa anakonda?"

"Akapona ghafla, akahama mji."

"Alinipakia tukatembee. Nilikuwa nimeshamfundisha mchezo wetu. Nikaliona gari, nikasema langu. Akajibu." Aliendelea kujifuta. "Baadaye ndipo akanieleza yaliyobaki. Kwamba kila jioni linasogea. Kwamba ukitaka likuache, umtengenezee mtu mwingine kiti chake, akikalie, halafu aseme mwenyewe kwamba gari ni lake, na wewe umjibu. Lilikuwa limefika kwenye geti langu, mdogo wangu. Nilikuwa nasikia mlango unafunguliwa."

"Na ukishaingia linakupeleka wapi?"

Alitikisa kichwa. Hakuwa anajua, au hakutaka kujua.

"Kwa nini mimi?"

Akasema kwa sauti ya chini, macho yako kwenye giaboksi:

"Mtu baki halioni. Nilijaribu. Nimelipita na mafundi wenzangu, na wateja, hakuna aliyeliona. Anayeliona ni mtu anayekuamini kwa moyo wote." Akakunja kile kitambaa. "Nilikuwa nimebakiwa na wewe tu."

Nilitamani kumpiga. Nilitamani pia kukaa chini pale kwenye oili nilie kama mtoto. Nilikuwa nimemlisha kwa kijiko, na kila kijiko nilichompa kilikuwa kinanipima.

"Ungeniomba," nilisema.

"Ungekubali?"

Sijui. Ndilo jibu la kweli. Pengine kwa kaka yangu ningekubali, pengine ningemfukuza kwa fagio. Hakunipa nafasi ya kujua mimi ni dada wa namna gani. Alinitoa kafara huku nacheka.

"Na wewe mpe mtu," alinong'ona. "Ni neno moja tu."

Nilimtemea mate miguuni, nikaondoka.

Jioni hiyo gari lilikuwa mwisho wa mtaa wangu, chini ya nguzo ya umeme. Jioni iliyofuata lilikuwa limeuvuka mtaro. Halafu likafika kwenye ukuta wa jirani. Majirani wanapita karibu yake na ndoo zao, watoto wanachezea mpira pale pale, hakuna anayegeuza shingo. Niliziba madirisha kwa mabaki ya ngozi za viti. Hayakusaidia kitu, sauti inapita. Tuk... tuk... tuk... Nguo zimenipwaya. Wateja wanasema nimependeza, nimepungua vizuri, na wananiuliza nafanya mazoezi gani.

Binti yangu yuko darasa la tatu. Tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Baba yake hayupo duniani, na ndugu mwingine wa kumpelekea sina, ni huyo huyo kaka yangu. Nilimkanya asisogee nyumbani kwangu, naye akaitikia vizuri.

Lakini mwili umenichoka. Mchana mmoja usingizi ulinichukua karakana, cherehani inanguruma, na nilipozinduka jua lilikuwa linashuka. Nikakimbilia nyumbani. Chiriku alikuwa mezani anakula biskuti ambazo sikuzinunua mimi.

"Mama! Mjomba alikuja. Kanifundisha mchezo!"

Niliufunga mlango nyuma yangu.

"Mchezo gani?"

"Wa magari ya zamani. Kasema ndio mlikuwa mnacheza mkiwa wadogo. Kasema nikicheza na wewe utapona." Alijifuta makombo. "Kaniletea na kiti kizuri, nimekikalia, halafu akaondoka nacho. Kasema kashona mwenyewe, ila mishono haijanyooka."

Nilichungulia kwenye upenyo wa ngozi. Kaka yangu alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaa, ameipa barabara mgongo. Aliponiona aliinua mkono kidogo, kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Nadhani aliamini kabisa kwamba ananisaidia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

"Ondoka dirishani," nilimwambia mwanangu. Alikuwa ameshapenya chini ya mkono wangu, ameshalivuta lile pazia la ngozi.

"Langu!"

Hakuna mtu mtaa mzima aliyekuwa analiona. Yeye alikuwa analiona. Angeachaje kuliona? Mimi ni mama yake.

"Mama, langu! Lile la rangi ya chai. Sema basi!"

Neno lilipanda lenyewe. Sikuliita. Lilinijaa kooni, likaja mpaka kwenye meno, na mwili wangu wote uliochoka ulikuwa unalitaka, kama mwenye kiu anavyotaka maji. Nikauma ulimi. Nikauma mpaka nikasikia ladha ya damu.

"Mama... mbona hujibu?"

Sijamjibu mpaka leo. Naandika haya kwa sababu mdomo wangu siuamini tena, jioni naufunga kwa kitambaa. Kiti chake kimeshashonwa, neno lenyewe ameshalijua, na kilichobaki cha kuzuia ni jambo moja tu, macho yake, yanayoliona gari kwa sababu ananiamini. Kwa hiyo nimefanya kazi niliyoweza. Nilimwahidi nitakwenda shuleni kwake siku ya wazazi, sikwenda. Nilimwahidi viatu, sikununua. Alipoanguka akaumia goti, akanikimbilia, nikafunga mlango. Nilisimama nyuma ya mlango ule namsikiliza analia, na mkono wangu uko kwenye kitasa.

Sasa haongei sana. Watu wanauliza Chiriku kapatwa na nini.

Leo gari limefika kwenye ngazi zetu. Jua lilipoanza kushuka, mwanangu alikwenda dirishani, akalisogeza pazia, akatazama nje kwa muda mrefu. Injini ilikuwa inanguruma karibu kabisa, tuk... tuk... tuk... na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nilibana kitambaa mdomoni nikasubiri.

"Hakuna gari lolote," alisema.

Hakugeuka kunitazama. Alirudisha pazia, akaenda chumbani kwake, nikasikia anafunga kwa ufunguo.