Ubao Uliobaki

“Baba, kitanda chako kinanuka dawa ya choo!” binti yake alimtania rafiki yangu, seremala, kabla ya kuzima taa. Baba mtu akacheka. Mabaki ya mbao za jeneza la mkewe hakuyafukia kaburini kama mafundi wafanyavyo. Ubao mmoja wa msonobari, mzuri na mkavu, wenye harufu hiyo, aliupigilia upande wa kichwani wa kitanda chake.

Gizani akasikia matone, to, to, to, kwenye mto wa kulalia. Utomvu vuguvugu ukamganda shavuni. Alipoubandua, ulivutana na unywele mrefu wenye mvi. Yeye ana upara, na binti hunyoa.

Asubuhi aliung'oa ubao, akaukata kwa msumeno ili akaufukie kaburini. Unga wake ulidondoka umelowa, ukinuka mafuta ya nywele ya marehemu.