Dawa Iliyohamia Kwenye Gauni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chunguza alimsugua bibi yake goti kwa dawa ya maumivu. Jina hilo alibandikwa na Bibi mwenyewe, maana mtoto yule haachi kitu bila kukipekua. Bibi alikuwa fundi wa nguo, na goti lililouma ndilo lililosukuma cherehani.

"Dawa gani hii?" Bibi alifoka huku miguu yake iking'aa mafuta mazito aliyojipaka baada ya kuoga. "Yule mfamasia ananiuzia chokaa! Mwisho wa mwezi namkabidhi jirani cherehani, yaishe."

Chunguza alinyong'onyea. Bibi bila cherehani angebaki kugombana na redio tu.

Jioni, alipokuwa akifua, pua yake ilishtuka. Gauni la Bibi lilinuka dawa kuliko hata goti lake! Mbona dawa ilihamia kwenye nguo badala ya kuingia mwilini?

Kesho yake alimkokota Bibi hadi duka la dawa.

"Anatanguliza mafuta?" mfamasia aliuliza Chunguza alipomweleza. "Aa! Ngozi ni mlinzi, mjukuu wangu. Kazi yake ni kuzuia vitu visiingie. Dawa hii imetengenezwa ipenye kidogo kidogo, nanyi mmeiwekea ukuta wa mafuta. Osha goti, likaushe, paka dawa, subiri ikauke. Mafuta baadaye."

"Tukilifunga kwa nailoni na kulikanda kwa maji ya moto, si itaingia haraka zaidi?" Chunguza alidakia.

"Itaingia kupita kiasi, imdhuru. Msithubutu!"

Mwisho wa mwezi jirani alipokuja kuchukua cherehani, alikikuta kinanguruma. Maumivu yalikuwa yamepungua, na Bibi alikuwa akishona huku akiimba. Jirani alirudi mikono mitupu.

Siku hiyohiyo mfamasia alileta suruali ipunguzwe.

"Umeona, Chunguza?" alisema. "Dawa isipofanya kazi, usiitupe wala usiizidishe. Uliza kwanza kama unaitumia ipasavyo." Kisha akamgeukia Bibi. "Na wewe, mama, umenitangaza mtaa mzima kuwa ni tapeli. Huniombi radhi?"

Bibi hakuinua hata macho.

"Ulinikabidhi dawa, ukamgeukia mteja mwingine. Hukuniuliza naipakaje, aliyeuliza ni mtoto. Siombi radhi. Leta hiyo suruali."