Nyimbo Zilizokatwa na Silvère

Jumamosi moja ya Septemba 1992, soko kuu la Kigali lilijaa hadi njia za katikati ya meza hazikuonekana. Gaudiose alijipenyeza akiwa amekumbatia mkoba, sketi yake ya marinda imeguswa na majani ya kabichi, blauzi yake nyeupe ya kazini bado safi. Siku za kazi alipokea simu katika ofisi ya bima. Jioni aliandika makala za muziki wa roki katika gazeti dogo la mjini, na hakuna mwanamke mwingine aliyeandika mambo hayo.

Alisimama mbele ya kibanda cha kurekodi kaseti.

"Bwana, hii nilinunua kwako. Wimbo wa mwisho umekatika."

Silvère alivua hedifoni. Alikuwa kijana mrefu wa Bujumbura, shati lake la njano limenyooshwa pasi hadi kwenye vifungo. "Upande mmoja ni dakika thelathini, dada. Zikiisha, zimeisha."

"Nimenunua tatu. Zote tatu umemkata mwimbaji mwanamke. Mwanaume hukumkata hata mmoja."

"Wateja wanataka wanaume kwanza. Wanawake nawatia mwishoni, kujaza nafasi."

"Na wewe umewahi kusikia huyu anavyomaliza?"

Silvère alitaka kudanganya, akashindwa. "Hapana."

"Basi weka santuri. Nina muda."

Mwanamke yule alianza polepole, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili. Kisha gita lake la umeme likaingia, sauti ikapanda, ikapasuka, naye akaiacha ipasuke. Pale kaseti ilipokuwa ikikatika, wimbo ulikuwa na dakika mbili zaidi, na ndani yake hakukuwa na neno hata moja. Alilia, akacheka, gita likimfuata kila alikokwenda. Mukankusi, muuza nyanya wa meza ya jirani, alisimama na nyanya mkononi.

"Huyo amepatwa na nini?"

"Sijui, mama," Silvère alijibu kwa sauti ya chini. Vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama. Miaka miwili alikuwa akiuza kitu hicho bila kujua ni nini. Alimtazama Gaudiose, akaona naye ana machozi na hayafuti.

Jumatatu ililia simu ya ofisini, ambayo namba yake Gaudiose alikuwa amemwachia Silvère.

"Allô, bima."

"Nataka kuukatia bima moyo wangu. Kuna mtu ameuvunja mlango."

"Mali iliyoharibika kabla ya mkataba hatulipi, bwana."

"Basi njoo kibandani Jumapili ukague hasara."

Alikwenda, na Jumapili zilizofuata akaenda tena, akitoka misa moja kwa moja na viatu vyake vya kisigino. Walisikiliza wakibishana.

"Mwanaume huyu anaimba akimwita mpenzi wake, anamlilia, anamlaani," Gaudiose alisema. "Mwanamke mwenyewe yuko wapi? Hajajibu hata neno."

"Labda hayuko nyumbani, sha," Silvère alijibu, akimwita kama watu wa kwao wanavyomwita mpenzi.

"Nyimbo ishirini, Silvère. Wote wametoka?"

Mwezi Novemba makala ikatoka. Gaudiose aliandika kwamba katika roki mwanamke huitwa usiku kucha bila kujibu, na wachache waliochukua gita wakajibu, Kigali inawakata kabla hawajamaliza. Akaendelea: "Mrekodi mmoja wa soko kuu, mwenye shati la njano, aliniambia hajawahi kuwasikiliza. Anawatia kujaza nafasi."

Soko zima lilijua ni nani. Wauza vitambaa walimpitia kila asubuhi. "Daktari, leo umepasua wanawake wangapi?"

Silvère alipiga simu kutoka duka la dawa. "Kumbe ulikuwa unanipenda kalamu mkononi."

"Nimeandika uongo?"

"Si uongo. Lakini wiki ijayo andika kwamba si mimi."

"Ni wewe, mpenzi."

"Basi usije tena kibandani." Akakata simu.

Gaudiose alirudi kwenye faili zake akipima. Akikanusha, atakuwa amejikata mwenyewe. Asipokanusha, amempoteza. Zilipita wiki tatu kabla hajatambua kwamba kosa lake lilikuwa mahali pengine kabisa, wala halikuwa katika ukweli wa makala. Siku hiyo hiyo, saa ya chakula, alikwenda sokoni.

"Sikuja kufuta," alisema kabla ya salamu. "Makala ni ya kweli. Ila lile neno uliniambia mimi, hukuliambia gazeti. Nililichukua bila kukuuliza. Nisamehe."

Silvère alipangusa santuri ambayo tayari ilikuwa safi. "Nimewasikiliza wanawake wote walio humu, kumi na mmoja. Nilikuwa nakutafutia wabaya, nikuonyeshe nilikuwa na haki ya kuwakata."

"Ukawapata?"

"Wawili." Akaanza kucheka mwenyewe. "Wale tisa, sha, nilikuwa nalazimika kukaa chini."

Mukankusi aliacha kupanga nyanya ili asikie vizuri.

"Andika unavyotaka," Silvère alisema. "Lakini niulize."

"Nitakuuliza. Ukikataa, huenda nikaandika hivyo hivyo, bila shati."

"Bila shati? Na wewe utawaambia watu uliniona wapi?"

Mukankusi alicheka hadi akashika meza. Silvère akaona asipolisema sasa hatalisema tena. "Nitamtuma mjomba wangu kwa baba yako."

"Siku ya posa wanaume wataongea kutwa nzima, mimi nimefungiwa chumbani kimya. Niulize mimi kwanza."

Akamuuliza, palepale. Gaudiose hakusema ndiyo mara moja. Alisema hataacha kuandika, hata akiwa na mtoto mgongoni. Alisema anaogopa mji ulivyo siku hizi, na mabomu yanayorushwa usiku, na kwamba akiwa naye hofu hupungua. Alisema tangu siku ya santuri ile hajui aweke wapi furaha yake. Wateja watatu walingoja, wa nne akaondoka, na Silvère hakuwageukia. Kisha Gaudiose akasema ndiyo.

Walioana Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima ya 1994, wakapanga vyumba viwili katika mtaa wa Nyamirambo. Waliishi humo wiki nane, hadi mauaji ya Aprili. Majirani waliobaki wanasema kila jioni mlango wao ulikuwa wazi, wawili hao wakibishana juu ya magita na kucheka, na watu waliopita barabarani walipunguza mwendo.