Siku ya Mnyororo

— Toa huo mnyororo, Tamsin.

— Siutoi. Na nilikwambia uje peke yako, Jory. Hawa wote ni nani? Wapambe wa bwana harusi?

Nyuma ya Jory walikuwa wamejazana waendesha baiskeli wenzake, kofia ngumu vichwani, wakicheka na kupiga kengele. Mbele yake kulikuwa na lango la mbao. Ng'ambo ya lango, njia ya zamani ya reli ilikuwa ikienda zake katikati ya msitu, maua ya buluu yametandazwa pande zote mbili kama zulia. Hapakuwa na gari hata moja la kusikika. Ndiyo maana watu walitoka hata London kuja kuendesha hapo.

Ardhi ilikuwa ya Mzee Luscombe, baba yake Tamsin, na mwaka mzima watu walipita bure. Isipokuwa siku moja. Sheria ya kule ni kwamba watu wakipita mahali miaka ishirini bila kuzuiwa hata mara moja, wanaweza kudai kuwa njia ni ya umma. Basi wenye mashamba hufunga siku moja kwa mwaka, ijulikane mwenye mali ni nani. Wengine wote hufunga Krismasi, wakati hakuna mwendawazimu wa kupanda baiskeli. Mzee Luscombe alifunga Mei, maua yakiwa yamechanua.

— Kwa nini Mei? — Jory alipaza sauti ili wenzake wasikie. — Si makusudi haya? Si choyo?

— Uliza vizuri, utajibiwa vizuri.

— Nauliza kwa niaba ya watu.

Tamsin akasogea mpaka uso wake ukakaribia mbao za lango, akashusha sauti.

— Ulinichumbia mwezi jana. Nikakwambia jibu nitakupa siku ya mnyororo, saa tatu asubuhi, peke yako. Hapo kigumu ni kipi?

— Kigumu ni hicho hicho! Unichagulie siku aliyonifungia baba yako, nije nisimame kama mwombaji? Nipige magoti kwa mzee kwanza, ndiyo nipewe mke?

— Nani kakwambia upige magoti?

— Soma, kaka! — Barnaby akapiga kelele kutoka nyuma, simu kaiinua juu anarekodi. — Soma lile shairi!

— Jory, usisome.

Lakini Jory Tregear hakuwa mtu wa kuambiwa usisome. Alikuwa fundi baiskeli, damu inachemka, ushairi kajifundisha mwenyewe kwa kuhesabu mizani akigonga spoki za magurudumu. Akakanyaga ubao wa chini wa lango, akapanda juu, akapasua sauti:

Bwana mwenye mnyororo, Mei unatufungia,
Watutia mgogoro, maua twayalilia,
Roho yako kichochoro, jua halitaingia,
Fungua, sisi twapita, huwezi kutuzuia!

Kengele zikapigwa, watu wakashangilia. Ndipo Mzee Luscombe akatokea kwenye kona ya njia. Alikuwa amevaa koti la suti na tai, miguuni buti za mpira za shambani, na mkononi kabeba kapu lililofunikwa kitambaa cheupe. Mzee akamtazama Jory juu ya lango.

— Mizani iko sawa, kijana. Hiyo ya kichochoro imenichoma hasa. — Akamgeukia binti yake. — Twende, mwanangu. Chai itapoa.

— Nakuja, baba.

Tamsin alibaki kidogo. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti haikutetereka.

— Ulitaka jibu? Jibu ni hapana.

Akageuka, akamfuata baba yake msituni.

* * *

Kufika jioni, video ya Barnaby ilikuwa imezunguka kote. Kwenye kundi la simu la waendesha baiskeli ujumbe ulikuwa unamiminika.

"Mzee choyo huyu!"

"Roho kichochoro 😂😂 Jory umeua."

"Mwakani tunakuja na mkasi wa kukatia chuma. Tunakata!"

Siku nyingine Jory angevimba kichwa. Leo aliziruka sifa zote, akampigia Tamsin. Alipiga simu mara nyingi hata akasahau hesabu. Mwishowe ikapokelewa.

— Unafurahia, mshairi? Umepata mashabiki?

— Tamsin, nisikilize...

— Nisikilize wewe. Kapu la baba uliliona?

— Nililiona.

— Mlikuwa na skonzi, chai, na vikombe vinne. Cha baba, changu, na chako.

— Na cha nne?

— Cha mama.

Mama yake Tamsin alikuwa amefariki kabla Jory hajahamia kijijini.

— Pale msituni kuna jukwaa la stesheni — Tamsin akaendelea. — Treni zilikuwa zimeshakufa, pamebaki miiba tu. Siku moja ya Mei baba anakata miiba, akamkuta msichana amekaa pale jukwaani, amepotea, tairi la baiskeli limepasuka, na bado anaimba. Ndiye mama. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, baba akamchumbia pale pale. Mnajua nani alimlazimisha baba awafungulieni njia? Mama. Alisema haiwezekani mahali pazuri vile papitwe na ng'ombe peke yao.

— Sikujua...

— Ungejuaje, ulikuja na kwaya? Siku zote za mwaka baba kawapa nyinyi. Hiyo moja anaiweka, anavaa tai, anakunywa chai na mkewe. Na hataki kijiji kijue, maana hataki kuhurumiwa. Ukimwambia mtu, hata mmoja, usinijue tena.

— Simwambii mtu. Tamsin... mimi ulikuwa unanileta jukwaani?

— Nilitaka kukujibu pale mama alipojibu.

— Ungenijibu nini?

Ng'ombe akalia kwa mbali ndani ya simu.

— Habari ya mkasi imemfikia baba. Amesema wakija nao, atalifunga lango mwaka mzima. Usiku mwema, Jory.

Simu ikakatika.

* * *

Alhamisi chama cha baiskeli kilikutana kama kawaida kwenye baa ya Morwenna, shangazi yake Jory, mama mnene mwenye mdomo mkali. Glasi za pombe ya tofaa zilikuwa mezani, na Barnaby kasimama anagawa kazi: nani alete mkasi, nani aite magazeti.

— Hakuna mkasi — Jory akasema kutoka mlangoni.

— Hee! Mshairi wetu kaja. Kwa nini hakuna?

— Kwa sababu nilikosea. Siku ile ni ya mzee, tumwachie. Na ile video uifute, Barnaby.

Kicheko kikapasuka.

— Mzee kakupa nini wewe? Kakupa binti?

— Binti mwenyewe kanikataa, na mlikuwepo.

— Basi toa sababu! Juzi alikuwa mchoyo, leo malaika?

— Sababu ninayo. Siitoi.

— Msaliti! — mmoja akafoka. — Kibaraka wa wenye mashamba!

Jory alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Neno moja tu lingetosha kuwanyamazisha wote, tena wangeona haya. Alilitafuna, akalimeza. Morwenna alikuwa nyuma ya kaunta, simu yake kailaza kifudifudi karibu na bomba la pombe.

— Mwacheni aseme! — akanguruma. — Hii baa yangu!

Jory akapanda juu ya kiti. Safari hii sauti haikuwa ya kupasua.

Nilikuja na kelele, leo ulimi wapoa,
Mwaka una siku tele, moja ninaikomboa,
Nyamaza nawe kengele, sababu sitaitoa,
Na anayetaka vita, mimi kwanza atang'oa!

Hakuna aliyeshangilia. Mtu mmoja alizomea. Jory akashuka, uso unawaka, akasimama tu, hakuondoka. Hapo Barnaby, ambaye alimjua tangu walipoanza kugombania mashindano, akamsogelea.

— Wewe Jory hujawahi kukubali umekosea. Hata ile siku uliyogonga mti, ulisema mti ndio ulikuja.

— Ulikuja kweli.

Barnaby akacheka, akatikisa kichwa, akatoa simu.

— Haya, nafuta. Lakini pombe ya leo unanunua wewe.

Walipotulia, Morwenna akaigeuza simu yake, akaiweka sikioni.

— Umesikia yote, binti? Ehee. Mimi ni shangazi yake, siwezi kumsifia. Lakini nyumba nzima imemzomea, na sababu hajaitoa.

Jory akaduwaa.

— Shangazi! Ulikuwa na nani kwenye simu?

— Mteja — Morwenna akajibu, akaendelea kufuta glasi.

Simu ya Jory ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Tamsin:

"Kengele nimeisikia ikinyamaza. Hapana yangu ilikuwa ya siku ile tu. Mwakani, saa tatu. PEKE YAKO."

Akajibu haraka: "Mwaka mzima nisubiri???"

"Baba alisubiri mwaka mzima. Jumapili lakini njoo ule chakula. Uvae tai."

* * *

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Mzee Luscombe aliingia kwenye karakana ya Jory akiburuta baiskeli ya kike, kutu imetanda kila mahali, tairi la mbele limekauka na kupasuka.

— Hii itengenezwe kabla ya Mei.

Jory akapapasa usukani, akaelewa.

— Hili tairi ndilo...?

— Ndilo. Libadilishe. Lile la zamani usilitupe, nirudishie. — Mzee akafika mlangoni, akasita. — Na ufunguo wa lango huu hapa. Mgongo wangu hauwezi tena kuinama kufunga mnyororo.

* * *

Mei ikaja, na maua yake.

— Kumefungwa? — Msichana mmoja kutoka mjini alifunga breki langoni, amefura. — Nimeendesha tangu alfajiri! Kwa nini msifunge Krismasi kama watu wengine?

Jory alikuwa amesimama ndani ya lango, amevaa tai, anazungusha mnyororo.

— Una haki ya kukasirika, dada. Pita kwa kile kilima, unazunguka mpaka kijijini. Kuna baa ya Morwenna, mwambie Jory kasema akupe kifungua kinywa bure. Kesho pako wazi, na keshokutwa, na mwaka mzima.

— Na leo je?

— Leo pana wenyewe.

Nyuma yake kengele ya kizamani ikalia. Tamsin alikuwa juu ya baiskeli ya mama yake, nywele zinapepea.

— Wewe bawabu! Chai inapoa!

Jukwaani, kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa juu ya mawe yenye kuvu. Vikombe vinne. Mzee alijaza cha nne kwanza, akakisukuma taratibu ukingoni, mahali palipokuwa na jua. Kisha akawatazama.

— Haya, semeni mliyojia. Mimi naangalia ndege.

— Tamsin — Jory akaanza, na mashairi yote aliyoyatunga mwaka mzima yakamtoroka. — Utanioa... nikuoe... tuoane?

— Hiyo haina hata mizani — Tamsin akacheka huku analia. — Ndiyo. Ndiyo, Jory.

Jory akachukua skonzi ili tu apate cha kushika. Akapaka jemu, juu yake akaweka malai ya maziwa. Mzee Luscombe akageuka kutoka kwa ndege wake, macho yamemtoka.

— Jemu kwanza, malai baadaye? Sisi huku malai ndiyo hutangulia! Kumbe ulizaliwa ng'ambo ya mto, kwa wale watu wa jemu kwanza! Tamsin, bado una nafasi ya kubadili mawazo.

— Nimeshajibu, baba.

Mzee akakitazama kikombe cha nne, mvuke wake unapanda kwenye jua.

— Hata mama yako aliweka jemu kwanza — akasema. — Nikamvumilia.