Jirani wa Kwenye Rafu

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wote waliowahi kupenda na kupendwa, natangaza rasmi kufunguliwa kwa hadithi kuu ya mapenzi ambayo masikio ya kizazi hiki hayajapata kuisikia. Wasomaji wote wasimame kwa dakika moja.

Haya, kaeni. Ukweli ni kwamba mapenzi yenyewe yalianza kwa sababu ya kidude cha chuma, kidogo kama kifuniko cha chupa, kile kinachoshika uzi chini ya cherehani.

Dada yangu ni fundi. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni, na kwa sababu ya zile pini hujibu wateja kwa kukunja uso tu. Siku moja kile kidude kilianza kukata uzi kila baada ya hatua tano. Alikipiga picha akaipeleka mahali penye fujo kuliko soko lolote: kundi la mafundi kwenye simu, watu mia nne na kumi na wawili kutoka nchi saba. Asubuhi walitumiana picha za maua, mchana waligombana kuhusu grisi ipi ni bora, na katikati alikuwapo fundi bomba mmoja aliyeonyesha mguu wake uliovimba na kuomba ushauri.

Katikati ya maua na mguu, jibu likaja.

"Hicho kimepinda. Kiweke juu ya kioo kilicho bapa, utaona kinacheza."

Dada akakiweka. Kikacheza.

"Asante. Wewe ni fundi cherehani?"

"Hapana. Nakata vioo vya miwani."

"Sasa kwenye kundi hili unafanya nini?"

"Hata mimi najiuliza. Binamu yangu ndiye aliyeniingiza, anasema fundi ni fundi. Nilitaka kutoka jana, lakini sijui mguu wa yule bwana utaishia wapi."

Dada akacheka, pini mbili zikamdondoka. Hivyo ndivyo alivyoingia Miwani, maana hilo ndilo jina alilopewa na kundi, na mimi sioni haja ya kulibadilisha.

Mtauliza nimeyajuaje haya yote. Mwandishi hujua yote, ndiyo kazi yake. Isitoshe, simu ya dada hufunguliwa kwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Miwani aliishi nchi nyingine, mipaka miwili kutoka kwetu, huko ambako jua huchelewa kwa saa moja. Wiki ya kwanza waliandikiana. Ya pili wakapigiana. Ya tatu wakagundua jambo ambalo sijaliona kwa wapenzi wengine: kwamba hawakuwa na haja ya kuzungumza. Dada alisimamisha simu kwenye rafu ya nyuzi, kati ya uzi mweupe na wa bluu, na Miwani akaisimamisha ya kwake juu ya kabati la vioo. Wakawa wanafanya kazi hivyo, simu wazi, tangu asubuhi hadi saa ya chakula, kama watu wawili wenye vibanda vilivyopakana.

"Jirani, upo?"

"Nipo, jirani."

Halafu cherehani ikawa inanguruma, na upande wa pili jiwe la Miwani la kunolea vioo likawa linafoka kwa maji. Baada ya mwezi, dada aliweza kujua kwa mlio tu kama kioo ni kinene.

"Huyo wa leo haoni kabisa, eti?"

"Haoni. Ameingia akalisalimia koti langu ukutani."

"Na wewe jirani, mbona mashine yako inakohoa?"

"Si mashine, ni mimi."

"Umekunywa kitu cha moto?"

"Nitakunywa."

"Sikuuliza kama utakunywa."

Kisha mlio wa birika upande wa pili, na dada akiendelea na kola yake huku anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Siku ya kwanza ya kuonana kwa video, dada alivaa blauzi yake ya krimu yenye vifungo vya lulu bandia, akajipaka mafuta ya midomo, akafunga kilemba mara tatu. Chini, mahali ambapo kamera haifiki, alivaa kaptura yangu ya michezo ya shule. Miwani naye alitokea na aproni ya kijivu, jozi moja ya miwani machoni na nyingine ameisahau juu ya paji la uso.

"Unanitazama kwa macho sita," dada akasema.

Akapapasa kichwa, akaikuta. "Hii nimeitafuta tangu jana."

"Na umewezaje kunipa mimi ushauri wa vitu vidogo?"

"Vya wenzangu naviona. Vyangu ndivyo vinanishinda."

Miezi ikapita hivyo. Mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha, siku ya mvua kwake na jua kwetu, Miwani alizima jiwe lake.

"Jirani. Likizo yangu ni mwezi ujao, wiki mbili. Nataka kuja kumsalimia mama."

Cherehani ikasimama. "Kumsalimia tu?"

"Mtu havuki mipaka miwili kwa ajili ya salamu."

"Sasa unavukia nini?"

"Unataka niseme mbele ya mteja?"

"Yupo mteja?"

"Amekaa hapa. Lakini hajapata miwani yake bado, kwa hiyo hanioni nikiona haya."

Wakacheka. Kisha akauliza nyumbani kuna nani mwingine, ajue abebe zawadi gani.

"Baba yupo barabarani na lori lake, tunamwona mara mbili kwa mwaka. Tupo mimi na mama. Na kamdogo kangu, kapo shule ya bweni. Bado katoto."

"Kanapenda nini?"

"Peremende."

Wasomaji, nina miaka kumi na sita. Kidevuni nina nywele nne, nimezihesabu. Wiki hiyo hiyo shule ikafungwa, nikarudi nyumbani na sanduku langu, na ripoti ambayo haihusiani na hadithi hii.

Sasa tunafika kwenye tukio la Jumanne, saa nne asubuhi. Naomba utulivu. Dada alitoka hadi getini kumpima mtoto wa mteja, akaacha simu wazi kwenye rafu, ya sauti tu, bila video. Miwani alikuwa anasuuza kioo. Akasikia nyayo zikiingia chumba cha cherehani. Kiti kikalia. Mtu akakohoa, kikohozi cha mwenye nyumba. Kisha sauti ya kiume, nzito, isiyo na wasiwasi wowote, ikasema:

"Mke wangu, hii simu inazimwa lini? Na chai yangu iko wapi?"

Mlango ukafungwa. Wanahistoria hawajakubaliana mpaka leo sauti ile ilikuwa ya nani. Mimi binafsi nilikuwa chumba kingine, napiga pasi.

Dada aliporudi akaketi, akapitisha kitambaa chini ya sindano. "Jirani, upo?"

Hakuwapo. Mchana ukaja ujumbe: "Habari za kazi, dada. Samahani, kazi zimezidi. Tutawasiliana."

Aliusoma akiwa amesimama. "Dada?" akaiuliza simu.

Mama, ambaye miguu inamsumbua na kwa hiyo husafiri kwa maneno tu, alikuwa kwenye kochi. "Mwanamume akianza kukuita dada, mwanangu, ujue jina lile jingine amempa mtu."

"Pengine ni kazi kweli, mama."

"Pengine."

Dada akaitia simu kwenye droo ya mikasi. Alishona siku tisa bila jirani. Sikujua kwamba chumba kile kilikuwa na ukimya wa namna hiyo, maana hata cherehani ikinguruma ulikuwa unausikia. Siku ya nne alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, akaifumua, akashona tena miwili ya kulia. Siku ya sita mteja alimsifu kwa kola, akajibu "asante" kwa sauti ya mtu anayepokea rambirambi. Mimi nilipiga pasi kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Mama alidhani bweni limenifunza adabu.

Upande wa pili, haya nimeyajua baadaye kutoka kwake mwenyewe, Miwani alimwendea mwenzake wa kazini ambaye mke wake alikuwa karibu kujifungua. "Chukua zamu yangu ya likizo," alimwambia. "Mimi sina pa kwenda."

Siku ya kumi dada alimaliza sare zote, akazifunga mafungu, akafagia vipande. Akaitoa simu kwenye droo, akaisimamisha pale pale kati ya nyeupe na bluu, akapiga kwa video. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango na pasi yangu. Miwani alipokea, na dada hakumpa nafasi ya salamu.

"Kama naachwa, niachwe kwa mdomo. Ujumbe wa 'habari za kazi' mpelekee fundi bomba."

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe."

"Ukiniita dada tena nitakata simu. Ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo uliyempata."

"Mimi ndiye nimpate?" Jiwe lake halikuwa linafoka, kila neno lilisikika. "Mimi nakaa na vioo na binamu yangu. Wewe ndiye ungeniambia mapema. Mke wa mtu ni sumu. Mama yangu ana mtoto mmoja tu, sitaki kumpa msiba."

"Mke wa nani?"

"Wa yule anayetaka chai."

"Chai gani? Una homa?"

"Jumanne ile ulipotoka. Nilimsikia mumeo kwa masikio yangu. Akaketi, akakohoa, akauliza simu itazimwa lini. Hakuwa na hasira hata kidogo, hilo ndilo liliniumiza. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kunizoea."

Dada akageuka akakitazama kiti chake. "Nyumba hii haina mwanamume," akasema polepole.

"Jirani, nilimsikia."

"Nakuambia hakuna. Nipo mimi, mama na kale katoto."

Wakati huo, kwa mpangilio wa ulimwengu ambao sijausamehe, mama akaniita kutoka kwenye kochi. Mtu aliyefundishwa bwenini huitikia kabla hajafikiri.

"Naam, mama," nikasema.

"Huyo," simu ikasema. "Ndiye huyo."

Pazia lilifunguliwa haraka sana. Dada alinitazama kuanzia kidole cha mguu hadi juu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza muhula huo anatambua kwamba kunitazama usoni kunamlazimu ainue shingo. Sauti yangu ilishuka mwezi wa pili, usiku mmoja, bila taarifa. Bwenini waliitumia kumwigiza mwalimu wa zamu. Nyumbani hakuna aliyeitilia maanani, kwa sababu nyumbani mimi hutumwa, sisikilizwi.

"Rudia ulichosema," dada akasema.

"Naam, mama."

Miwani alianza kucheka, kwanza kidogo, kisha kwa namna ya mtu aliyelala njaa siku tisa na kugundua sufuria ilikuwa imejaa. "Kale ka peremende?"

"Kenyewe."

"Jirani, nisamehe. Ningeuliza."

"Ndiyo, ungeuliza. Na mimi ningepiga siku ya kwanza." Akavuta kiti, akaketi. "Likizo yako inaanza Jumatatu."

Kicheko kikaisha. "Nimempa mwenzangu. Mke wake amejifungua juzi, siwezi kumnyang'anya. Nyingine ni mwezi wa kumi na mbili."

"Miezi minane."

"Minane. Nikija bado nitapokelewa?"

"Rafu ipo," dada akasema. "Na mimi nipo."

"Basi nakuja. Na safari hii nasema mbele ya wateja wote: nakuja kukuomba."

Dada akapangusa macho kwa ncha ya shati la mtu, kisha akanigeukia, na hapo ndipo hadithi kuu ya mapenzi ilipogeuka baraza la nidhamu.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa utani."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nafanya majaribio ya sauti. Kisayansi."

"Nimekuuliza kwa nini."

Mama alikuwa ameacha kuniita. Hata kwenye rafu hapakuwa na mlio wa maji. Wasomaji, pale nilipoandika kwamba wanahistoria hawajakubaliana, futeni. Wamekubaliana. Nilikaa kwenye kiti cha dada nikiwa na soksi moja, na pasi niliyosema napiga ilikuwa baridi.

"Nilisikia ukimwambia cherehani inaweza kufungwa mzigo ikaenda kokote," nikasema. "Nikajua utaondoka. Siku ya kutembelewa mama hawezi kuja. Baba ndiyo hivyo. Anayekuja ni wewe. Muhula uliopita ulifika kabla geti halijafunguliwa, ukasimama pale nje na kikapu, tukakuona kutoka dirishani, nikawaambia wenzangu yule ni wangu."

"Ungeniuliza," dada akasema.

"Ungejibu nini?"

"Ningesema sijui. Mpaka sasa sijui." Akanyoosha mkono kuelekea rafu. "Mwombe radhi. Umemlia miezi minane."

Nikasogea. Uso wa Miwani ulikuwa pale kati ya uzi mweupe na wa bluu, jozi moja machoni na nyingine kwenye paji, ananisubiri bila haraka.

"Shemeji," nikaanza, "ni mimi."

Na ile sauti, iliyomdanganya mtu mzima ng'ambo ya mipaka miwili, ikakatika katikati ikatoka nyembamba, ya mtoto wa darasa la pili. Sikukohoa kuirekebisha. Niliendelea nayo hivyo hivyo mpaka nikamaliza.